Mguu wa Kuku Chini ya Koti

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtahadharisha mtu dhidi ya ndugu au rafiki wa karibu, lakini ipo hali ambapo maana yake hushuka kutoka kwenye mafumbo na kuingia katika kitambaa chenyewe. Chukua mfano wa matatu ya abiria 14 inayotoka katikati ya jiji la Nairobi jioni, ikiwa imejaa pomoni. Mwanamume mmoja aliyevaa koti anauvuta mkanda wa usalama, ule uliofanywa kuwa lazima na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, na koti linavutika pamoja nao. Kiunoni upande wa kulia panatokeza nundu. Si simu, maadam simu iko mkononi mwake. Mama aliyeketi kando yake, nyonga kwa nyonga, anaiona, anageuza macho dirishani, kisha anaiona tena. Hasemi neno. Vituo viwili kabla ya kituo chake anamwomba utingo amshushe, naye anaimaliza safari kwa miguu gizani.

Mama wa aina hiyo hana njia ya kujua alichokiona ni cha nani. Nchini Kenya bastola iliyofichwa chini ya nguo yaweza kuwa ya askari polisi aliyevaa kiraia, ya raia mwenye leseni, au ya jambazi. Nundu ni ile ile. Hata ile tabia ya kuligusagusa koti kila baada ya muda, ili kuhakikisha kwamba kilichomo kingalimo, ni moja kwa wote watatu. Polisi ana kitambulisho, raia ana cheti, jambazi hana kitu. Lakini hayo yote yamo mfukoni na macho ya jirani hayafiki mfukoni. Hivyo basi jirani hulazimika kuamua peke yake, kwa nukta chache tu, kama aliyeketi naye ni mlinzi au ni mauti. Mwenye busara huchagua kuogopa, kwa kuwa kukosea upande huo hakuui.

Lugha nayo imeshiriki katika maficho haya. Katika Sheng, na mara nyingine hata katika taarifa za magazeti, bastola huitwa mguu wa kuku. Kwa upande wa umbo sitiari hii imefaulu: paja ndilo la kushikia na muundi ndio unaotangulia mbele. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha anafahamu kwamba tasfida huzaliwa pale ambapo jambo linaogofya au linaaibisha. Anayesema kwamba fulani ana mguu wa kuku huwa ameifunika bastola mara ya pili, safari hii kwa neno. Rungu na sime, ambazo hubebwa hadharani, hazikuhitaji kuchukuliwa jikoni na kupewa jina la kitoweo.

Ni muhimu kutazama sheria inasemaje kabla ya kumlaumu mtu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimpi raia haki ya kubeba bastola, humpa idhini. Tofauti hii ni kubwa. Wamarekani wana Marekebisho ya Pili ya katiba yao yaliyoidhinishwa mwaka wa 1791, na Mahakama ya Juu ya nchi yao iliamua mwaka wa 2022 kwamba haki hiyo inavuka kizingiti cha nyumba na kumfuata raia barabarani. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 haina kifungu cha namna hiyo. Kinyume chake, kifungu cha 5 cha Sura ya 114 kinamtaka mwombaji awe na sababu nzuri, na kinamtaka mtoaji wa cheti aridhike kwamba silaha hiyo haitahatarisha usalama wa umma wala amani. Mlevi hapewi. Asiye na akili timamu hapewi. Ni bayana, basi, kwamba katika kila cheti wamo wahusika wawili: mwombaji aliye na sababu yake na umma ulio na amani yake. Mwombaji huhojiwa ana kwa ana. Umma hauhojiwi, unasemewa. Na amani inayotajwa na sheria haiwezi kuwa ni kutokuwapo kwa majeruhi pekee. Mama aliyeshuka vituo viwili kabla ya chake hakupigwa risasi, lakini amani yake ilivunjwa na mtu ambaye pengine hakujua kwamba ameivunja.

Yamkini watatokea wa kusema kwamba mama huyo ni mwoga kupita kiasi. Tarakimu hazikubaliani nao. Shirika la utafiti la Small Arms Survey, lenye makao yake mjini Geneva, lilikadiria kwamba mwaka wa 2017 silaha zilizokuwa mikononi mwa raia nchini Kenya zilifika 750,000 hivi, ilhali zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Ni kweli kwamba nyingi kati ya silaha hizo ziko katika maeneo ya wafugaji, mbali na matatu za Nairobi. Hata hivyo, abiria hana takwimu za kiti kwa kiti. Mwenye leseni ni tone katika kisima cha wasio nayo, na jirani anayeiogopa nundu kabla ya kuuliza cheti hajakosea hesabu.

Hakuna mahali ambapo suala hili hujidhihirisha kuliko mlangoni mwa duka kubwa. Tangu shambulio la Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, na hasa tangu lile la Westgate la Septemba 2013, mkaaji wa mjini amezoea kupekuliwa. Mikono huinuliwa, mkoba hufunguliwa, na kifaa cha kutambua chuma hupitishwa kifuani na kiunoni. Anayekishika kifaa hicho ni askari wa kampuni ya kibinafsi. Ana sare, ana rungu, pengine ana filimbi. Bunduki hana. Basi kifaa kinalia kiunoni mwa mteja mmoja. Mteja hashtuki, huliinua pindo la koti kiasi cha kidole kimoja na kunong'ona kwamba ana leseni. Wakati mwingine hata hanong'oni, hutazama tu. Askari afanye nini? Cheti chaweza kuombwa, lakini kukiomba ni kumzuia mwenye bastola kwa rungu. Nyuma ya mteja pana foleni inayonung'unika. Ndani yumo meneja asiyependa wateja wenye pesa waudhiwe. Askari mwenyewe yuko katika saa ya kumi ya zamu yake na mshahara wake haufikii bei ya viatu vya mtu huyo. Anasema, "Karibu, mkubwa," naye mkubwa anapita. Anayefuata ni kijana mwenye begi la vitabu, na huyo anaambiwa atoe kila kitu, hadi kalamu.

Pindo la koti lililoinuliwa kiasi cha kidole kimoja ni tamko kamili. Lina msemaji, lina msemewa na lina ujumbe, na ujumbe wenyewe hauhusu leseni. Unahusu cheo. Hapo ndipo dai la kwamba bastola imefichwa linapoanza kuchekesha. Wako wenye bastola ambao hutaka isionekane na wasiokusudiwa na ionekane na waliokusudiwa: na askari wa mlangoni, na mhudumu wa baa, na dereva aliyewapita barabarani, na mpangaji aliyechelewesha kodi. Kwao koti ni pazia, na pazia hutundikwa ili lifunguliwe. Bila shaka si wote. Wapo wafanyabiashara wanaobeba fedha na mawakili waliokwisha kutishiwa maisha ambao hawajawahi kuionyesha silaha hata kwa watoto wao, na hao ndio wanaoumia zaidi kwa kejeli za wenzao.

Ipo hoja kwamba silaha ikionekana huzuia uhalifu, kwamba mwizi akiiona nundu atakwenda kutafuta kondoo mwingine. Hoja hii ina mantiki yake, ila inasahau kitu ambacho mwizi anakihitaji kuliko simu na pochi, nacho ni bastola. Anayejulikana kuwa nayo amejitangaza kuwa hazina inayotembea, naye mwizi wa aina hiyo hatamjia kwa mbele. Isitoshe, kama kazi ya bastola ni kuonekana, basi ile ya bandia inatosha. Mara kwa mara polisi wa Kenya hutangaza kwamba wamewanasa majambazi waliokuwa wakiwapora watu kwa bastola za kuchonga au za kuchezea watoto. Waliovamiwa walitoa kila walichokuwa nacho kwa sababu ya umbo tu chini ya fulana. Mwenye leseni anayejivunia kuonekana kwake anategemea woga ule ule unaomlisha jambazi mwenye kipande cha mti.

Kuna upande mwingine wa kuonekana ambao wabeba bastola hawapendi kuufikiria. Mitaani Kenya neno "Mwizi!" likipazwa na mtu mmoja huweza kukusanya umati kwa muda wa dakika moja, na umati hauombi cheti. Mtu aliyeinama kuokota sarafu sokoni, shati likapanda na kitako cha bastola kikatokeza, yuko hatarini zaidi kuliko yule aliyeiacha nyumbani. Askari polisi anayepita hapo kwa bahati huliona chuma kabla hajauona uso. Leseni haina mdomo. Anayetaka kuielewa hali hii na autazame mwendo wa mtu aliyevaa koti zito mjini Mombasa mwezi wa Februari, jasho likimchuruzika, akikataa kulivua hata anapobembelezwa na wenyeji wake. Kila mtu barazani anajua. Yeye peke yake ndiye anayedhani kwamba amejificha.

Pwani hiyo hiyo ina mapokeo mengine ya kuvaa silaha, na yana funzo lake. Waungwana wa Lamu, Mombasa na Unguja, sawa na Waarabu wa Omani waliohusiana nao kwa karne nyingi, walivaa jambia mshipini, mbele kabisa, katika ala iliyonakshiwa kwa fedha. Wamaasai nao huivaa sime yao katika ala nyekundu inayoonekana kutoka mbali. Hakuna aliyefichwa. Anayekutana na mvaa jambia alijua amekutana na nani, silaha yake ni ipi, na urefu wake ni kiasi gani. Aliweza kukaa hatua mbili mbali naye na kuzungumza kwa raha. Heshima ya jambia ilikuwa katika kutochomolewa. Litokapo alani jambo limeharibika na mwenye kulitoa atatakiwa kueleza. Bastola haikuja na adabu hiyo. Masafa yake hayapimwi kwa hatua mbili, na kuchomolewa kwake hakumpi mtu nafasi ya kudai maelezo. Kwa hivyo hata wanaosema kwamba afadhali ibebwe wazi kama jambia wamelinganisha vitu visivyolingana. Silaha inayoua kutoka ng'ambo ya barabara haiwezi kuwa pambo.

Haitakuwa haki kuliacha suala hili bila kutaja Septemba 21, 2013. Siku hiyo, wauaji wa Al-Shabaab walipolivamia jengo la Westgate na kuua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa maisha walikuwamo raia wenye leseni. Abdul Haji, aliyekuwa mfanyabiashara wakati huo na ambaye mwaka wa 2021 alikirithi kiti cha baba yake cha useneta wa Garissa, alikwenda huko baada ya kupata ujumbe kwamba ndugu yake alikuwa amenaswa ndani. Alikuwa na bastola. Yeye na wenzake, baadhi yao askari na baadhi raia, waliwatoa watu wengi. Januari 15, 2019, magaidi walipoishambulia hoteli ya DusitD2, raia wenye silaha walionekana tena wakisaidia. Anayeandika dhidi ya bastola za raia bila kuyataja haya huwa anawadanganya wasomaji wake.

Lakini hata tukio la Westgate, likitazamwa kwa makini, linazungumzia kuonekana. Picha iliyosambaa ulimwenguni ilimwonyesha mtoto wa kike wa miaka minne akikimbia kwenye sakafu tupu, mikono imetanda, akielekea kwa mwanamume mgeni mwenye bastola. Mama yake alikuwa amelala chini na watoto wengine. Yeye pia hakuwa na njia ya kujua kama watu wale waliovaa nguo za kawaida, wenye silaha mikononi, walikuwa waokoaji au wauaji, kwa sababu wauaji nao walikuwa wamevaa nguo za kawaida. Alilazimika kuamua, kama abiria wa matatu anavyolazimika kuamua, isipokuwa kwamba hapo makosa ya pande zote mbili yangeweza kuua. Siku hiyo hiyo, ndani ya jengo lilo hilo, wanajeshi na polisi wa kikosi maalumu walifyatuliana risasi kwa kutotambuana, na afisa wa polisi akafa. Hao walikuwa watu waliofunzwa kwa miaka.

Kwa upande mwingine wa mizani kuna siku ya Januari 17, 2020, katika klabu moja jijini Nairobi, ambapo mcheza santuri alipigwa risasi shingoni na kamera za klabu zikalinasa tukio hilo. Yaliyofuata mahakamani yaachiwe mahakama. Linalohusika hapa ni mlango. Klabu ina mlango, mlango una askari, na bastola ilipita. Sura ya 114 inamkataza aliyebeba silaha kulewa au kufanya fujo. Lakini nani wa kulitekeleza katazo hilo saa tisa za usiku kama si kijana yule mwenye rungu? Mwezi wa Desemba 2018 Wizara ya Usalama wa Ndani ilikuwa imewataka raia wote wenye leseni wafike kukaguliwa upya katika muda wa siku 90, wao pamoja na silaha zao. Ukaguzi ulifanywa ofisini, mchana, na watu walifika wakiwa wamenyoa ndevu na wamekunywa chai. Ofisi haiwezi kujua mtu huwaje mbele ya kaunta ya baa.

Afrika Kusini imelishughulikia jambo hili kwa maneno machache yanayofaa kuigwa. Sheria yake ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka wa 2000, katika kifungu cha 84, inamtaka abebaye bastola hadharani aiweke katika ala maalumu iliyofungwa mwilini au katika mkoba, na inaongeza kwamba ni lazima iwe imefunikwa kabisa na mwenyewe awe na uwezo wa kuidhibiti. Neno "kabisa" ndilo lenye uzito. Linauhamisha mzigo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kuficha ni wajibu anaodaiwa mbebaji na majirani zake, wala si hiari yake ya kuamua nani aone na nani asione. Nundu ikionekana katika matatu, mwenye kosa anajulikana, na siye mama anayeogopa. Pindo likiinuliwa mlangoni, hilo nalo ni kosa, hata kama cheti ni halali na risasi zote zimehesabiwa.

Kenya ikiliandika neno hilo katika sheria yake bila kumpa mtu uwezo wa kulitamka mlangoni, itakuwa imeongeza mstari tu. Mwenye silaha afikapo mahali pa umma aonyeshe cheti kabla kifaa hakijalia, akionyeshe kama anavyoonyesha kitambulisho, na nambari yake iandikwe. Maduka yanayouza vileo yawe na kabati la chuma na stakabadhi, ama mteja huyo arudi nyumbani. Askari anayemzuia mtu kwa sababu hii asifukuzwe kazi kwa malalamiko ya simu moja. Wapo watakaosema kwamba hayo yanawadhalilisha raia wema waliokwisha kuchunguzwa na serikali. Yule kijana wa begi la vitabu naye ni raia mwema, tena hakuomba kuruhusiwa kubeba chochote.

Katika majengo mengi ya ofisi jijini Nairobi, juu ya meza ya mlangoni, hukaa daftari kubwa la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, anakotoka, anayemwona, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Baadhi ya madaftari yana safu ya nambari ya kompyuta ya mgeni, ili asije akatoka na ya wenyewe. Safu ya bastola haimo. Nafasi ya kuipiga ipo, upande wa kulia, baada ya sahihi.